Upepo wa Marehemu

"Wageni wanaondoka saa sita. Fagia njia."

Kanali Toirov akakata simu.

Savsan alisukuma kando bakuli la shirchoi, chai ya maziwa na chumvi, akaiweka kompyuta palepale kwenye makombo ya mkate. Mkahawa ulikuwa mtupu. Baada yake, kwenye barabara ile ya Pamir, yalibaki mawe, barafu na kituo cha hali ya hewa cha Bodgoh, juu kabisa ya kipito cha mlima.

Wageni walikuwa mawaziri wa nchi mbili zilizonusurika kupigana kwa ajili ya mto mmoja. Leo walikuwa wapande helikopta moja kwenda kutia saini mkataba wa maji. Njia yao ilipita Bodgoh.

Kulikuwa na watu ambao vita vingewanufaisha zaidi ya mkataba. Savsan, jasusi wa Idara ya Usalama, alikuwa mlimani kwa sababu yao.

Faili la upepo kutoka kituoni lilikuwa limeingia. Lilikuwa limevurugika, programu ya kuchora ililitema.

Akapiga simu makao makuu, Dushanbe.

"Oshur, upo?"

"Nipo, dada. Nimeliona. Aliyelituma hilo faili hakulelewa na mama." Oshur alikuwa mchoraji ramani wa Idara, mdomo wake haukujua likizo. "Tarehe na saa zimebanana chumba kimoja kama abiria. Zitenganishe. Mwaka, mwezi, siku, saa, kila kimoja na safu yake."

Vidole vya Savsan vilipita juu ya Excel.

"Tayari."

"Koma zote zigeuze nukta. Programu ikikutana na koma inasoma upuuzi, utaona kimbunga cha kurusha yaki, wale ng'ombe wa manyoya wa Murghob. Halafu mwelekeo. Kaskazini, kusini, hizo herufi zote fanya digrii."

"Tayari."

"Tuma."

Kwenye kioo likachanua waridi la upepo, duara lenye petali zinazoonyesha upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani. Petali zilikuwa fupi, nyororo.

"Shwari kabisa," Oshur akasema. "Hata kipepeo anavuka. Kuna siku tatu tu hazina vipimo, vyumba viko vitupu. Nijazie wastani tumalize?"

"Usiguse."

Alivitazama vyumba vile vitupu. Siku tatu zilizofuatana, katikati ya Oktoba.

Alizifahamu.

Mwaka uliopita, siku zilezile, mpimaji wa Bodgoh aliviacha vyombo vyake bila mtu akateremka mjini Khorog. Alikuwa na harusi ya binti yake. Mzee Mamadnazar alicheza mpaka viatu vikamtoka, akampiga busu bibi harusi kwenye paji la uso, akarudi mlimani.

Bibi harusi alikuwa Savsan.

Februari wakamwambia maporomoko ya theluji yamemchukua baba yake. Tangu hapo, Bodgoh ilipimwa na mashine.

"Mashine haiendi harusini," akasema.

"Unasemaje?"

"Nitolee Oktoba ya mwaka jana. Ilaze juu ya hii. Rangi mbili."

Akasikia Oshur akibofya.

"Oshur?"

"Dada..." Mzaha ulikuwa umemtoka. "Naona rangi moja tu. Mstari umelala juu ya mwenziwe. Wamebadilisha mwaka, basi. Hizi ni namba za mzee."

Savsan akaisogeza kompyuta karibu.

Asubuhi baada ya asubuhi, mtu alikuwa amezituma namba za marehemu zishuke mlimani, kana kwamba mzee bado anaamka, anavaa koti, anatoka kwenye baridi kuvisoma vikombe vya upepo.

Akampigia Kanali Toirov.

"Mkuu, wazuie."

"Kwa lipi?"

"Upepo tulionao ni wa mwaka jana. Ni wa baba yangu."

Kanali akavuta pumzi. "Savsan. Wameshafika uwanja wa ndege, kamera zimewazunguka. Nikiwarudisha kwa neno la marehemu, kesho wataandika kwamba sisi ndio tuliovunja mkataba. Nipe upepo wa leo. Kwa namba."

"Utaupata."

Gari yake, UAZ kuukuu, ilinguruma kupanda mlima.

Kona ya tatu, upepo uliikumba gari ubavuni, magurudumu yakateleza kuelekea bondeni. Savsan akakaza usukani. Hapakuwa na shwari yoyote hapa.

Alipofika, bomba la jiko la kituo lilikuwa linatoa moshi.

Akaikoki bastola yake ya Makarov, akasukuma mlango.

Mtu aliketi mbele ya jiko, mgongo kwa mlango, kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni. Kofia ya mzee, aliyoifuma mama yake Savsan. Birika lilikuwa linachemka. Koti la mzee lilining'inia kwenye msumari wake.

"Baba?"

Neno lilimponyoka.

Mtu akageuka. Mapajani alikuwa na Kalashnikov.

"Bibi harusi!" Jonbek akachekelea. Ndiye fundi aliyefunga mashine ya Bodgoh. "Umenishtua. Alaa, ile osh, pilau ya harusi yako! Nilirudia sahani mbili, mzee wako akanipakulia ya tatu kwa mkono wake."

"Na bado umeivaa kofia yake."

"Baridi haina adabu, dada yangu. Weka bastola chini. Polepole."

Dirishani, juu ya mlingoti, vikombe vya kupimia upepo vilizunguka kwa kasi hata havikuonekana. Waya wake ulikuwa umechomolewa, umelala sakafuni. Mahali pake kijisanduku cheusi kilipepesa taa ya kijani, kikituma namba za mzee.

Savsan akainama kuweka bastola.

Akalipiga teke jiko.

Birika likaruka. Maji ya moto yakamwagika juu ya mikono ya Jonbek, risasi zikatoboa dari. Kabla hajamaliza kupiga yowe, goti la Savsan lilikuwa kifuani mwake na bunduki iko kona nyingine ya chumba.

Pingu. Bomba la chuma ukutani. Klik.

"Umeniunguza, mwanaharamu wewe!"

"Nyamaza, nahesabu."

Alichomoa kijisanduku, akachomeka waya wa mlingoti. Kioo cha mashine kikaamka. Namba za leo zikaanza kumiminika, mbichi, zimechanganyikana.

Akafungua kompyuta yake. Mwaka. Mwezi. Siku. Saa. Nukta, si koma. Digrii. Kilomita kwa saa azigeuze mita kwa sekunde, la sivyo programu ingedanganya tena. Mstari baada ya mstari. Akaunganisha Thuraya, simu yake ya setilaiti, akatuma.

"Oshur! Chora!"

"Inachora... inachora... Mola wangu!" Sauti ikampanda. "Petali moja tu, dada, imetoboa duara! Mita thelathini na tano kwa sekunde, moja kwa moja kwenye ukuta wa mlima!"

"Mpe Kanali."

"Anaiona. Dada, wameshapaa."

Savsan akatoka mlangoni. Kutoka bondeni, katikati ya mvumo wa upepo, alisikia mapigo ya panga za helikopta. Yalikuwa yanakuja. Yakakua.

Yakakua zaidi.

Kisha yakasita, yakainama upande, yakaanza kufifia.

Thuraya ikalia. "Wamegeuka," Kanali akasema. "Mawaziri watakwenda kwa barabara. Watatia saini leo hiihii."

Mfukoni mwa Jonbek simu ikatetemeka. Savsan akarudi ndani, akaichomoa, akapokea.

"Imeanguka?" mwanamume akauliza, kwa lafudhi ya ng'ambo.

"Hali ya hewa imebadilika," Savsan akamjibu. "Kaa hapohapo hotelini. Nasikia vijana wetu wako kwenye ngazi."

Hakuwa ameambiwa lolote kuhusu hoteli, alibahatisha tu. Ila mtu yule alitupa simu, na nyuma yake ukasikika mlango ukivunjwa. Vijana wa Idara waliokuwa wakimwinda walikuwa wamemfikia kweli.

Savsan akalitungua koti la baba yake, akalivaa. Lilikuwa zito, lina harufu ya tumbaku. Jonbek akamtazama, kisha akakwepesha macho.

"Kiangazi chote nimechimba pale mlipotuonyesha maporomoko," Savsan akasema. "Kwa koleo. Kwa mikono."

"Theluji ya hapa kubwa, dada..."

"Imeyeyuka, Jonbek. Hakuwepo."

Upepo ulipiga yowe kwenye matundu ya dari.

"Nilimwambia mzee ni namba tu," Jonbek akasema hatimaye, sauti ya chini. "Atuuzie namba, akalale. Akanitukana mimi na babu zangu saba."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya mlingoti. Chini ya mawe." Akameza mate. "Utaniua?"

Savsan akamfungua kutoka kwenye bomba, akamfunga pingu tena mikono ikiwa mbele. Akamvua ile kofia, akaipangusa, akaitia kifuani. Kisha akachukua koleo nyuma ya mlango, akamkabidhi.

"Tangulia. Na uchimbe taratibu."

Akainua ukosi wa koti, akamfuata nje kwenye upepo.