Krimu ya Jua Katika Msitu wa Timboroa

Kitendawili. Mkono wangu hauruhusiwi kumgusa, lakini mgongo wangu ulimbeba.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Kisumu sitaki, nimekaa huko mpaka nikachoka. Nipeni Perth, mji wa Australia ulio ufukweni, mbali na kila mji mwingine, ambako wanasema jua huwaka mpaka watu wanalikimbia. Mkinipa huo nitawapa jibu. Ila jibu litapitia Timboroa kwanza, kwa sababu gari la Joash lilipitia huko, na huko ndiko lilikotumbukia.

Lilikuwa likiteremka njia ya wakata miti katikati ya msitu, mvua ikimwagika, ukungu umefunga mbele na nyuma. Gurudumu likakosa njia. Matope yakalivuta gari upande kama ng'ombe anayevutwa kuingizwa joshoni, likashuka kwa kitako hadi kwenye mtaro, na tawi la msaipresi likapasua kioo cha mbele likaingia ndani. Selpha, mke wa Joash, alikuwa kiti cha mbele. Alikinga uso kwa mkono, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Alipiga ukelele mmoja tu. Kisha ikasikika mvua peke yake.

"Hakuna shida," Joash akasema, mikono bado kwenye usukani wa gari lililolala. "Hii nilisoma."

Ni kweli alikuwa amesoma. Huyu Joash aliuza bima mjini Eldoret, na kwa sababu alishinda akiwaambia watu mabaya yatakayowapata, alijiona yeye mwenyewe ameshayamaliza yote. Tangu shemeji yake Emmaculate, dada yake Selpha na muuguzi kule Perth, awaalike, nyumba yao ya Kimumu haikulala kwa mipango. Joash alisoma habari za papa, akaenda bwawa la hoteli kujifunza kuogelea, akachota maji kwa mdomo mpaka wahudumu wakamwonea huruma. Alisoma habari za nyoka wa huko, na za watu wanaokwama jangwani. Alinunua krimu ya jua chupa nne, yeye Mluo mweusi kama sufuria ya kuni. Alinunua taulo za ufukweni zenye picha za samaki, malapa, miwani miwili, na ile kinga-jua ya kuweka kwenye kioo cha gari, inayong'aa kama karatasi iliyo ndani ya pakiti ya sigara. Sweta? Selpha alipouliza habari ya sweta alichekwa.

"Sweta ya nini, Mama Watoto? Tunaenda kwa jua."

Kana kwamba kutoka Kimumu mtu hurushwa moja kwa moja mpaka Perth, bila kupita Timboroa, mahali ambapo hata kondoo hukohoa kwa baridi.

Abiria wa tatu alikuwa Mama Aluoch, mama yake Selpha, mwembamba kama ufito, aliyetoka kuugua kifua. Emmaculate alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na Mama Aluoch alikuwa ameapa kwamba mikono itakayomwogesha mjukuu huyo itakuwa yake. Kwa ajili hiyo tu alikubali kupanda ndege. Na kwa ajili hiyo alikubali kupanda gari la Joash, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko ndege.

Kwa maana Mluo na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja. Gari nalo lina paa moja. Selpha akatundika leso katikati, nyuma ya viti vya mbele, Mama Aluoch akaketi upande wake, na heshima ikasafiri salama mpaka karibu na Timboroa, ambako malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu. Trela lilikuwa limelala barabarani huko mbele.

Joash hakuweza kungoja kama watu wengine. Simu yake ilimwonyesha njia nyembamba ya kupita msituni. Dereva mmoja wa lori la simiti, kijana Msomali aliyeitwa Mustafa, alikuwa chini akikagua magurudumu. Alipoona gari dogo likikata kona alipiga mlango kwa kiganja.

"Boss, usiingie huko. Iko matope mbaya. Kaa kwa laini."

"Wewe kaa na simiti yako," Joash akamjibu. "Mimi nina ndege."

Sasa ndege yake ilikuwa mtaroni.

Maji yaliingia kwa mbele kupitia kioo kilichopasuka. Viti vikalowa, na Joash na Selpha wakalazimika kurukia nyuma. Leso ikaanguka. Joash alipotua kitini, Mama Aluoch alifungua mlango wa upande wake akatoka.

"Mama! Mvua!" Selpha akalia.

"Mvua ni maji tu. Siwezi kukaa goti kwa goti na mume wa mtoto wangu."

Akaenda chini ya mti, akajiinamia, mkoba juu ya kichwa. Na Joash, yule Joash aliyekataa kwenda matanga ya mjomba wake akisema mila zimepitwa na wakati, alifanya nini? Aliangalia pembeni.

"Heshima ni heshima," akasema, akavuta mlango akaufunga.

Wakati mwingine mila huwa kama koti la watu wawili. Wa kwanza huvaa kwa sababu anaiamini, wa pili kwa sababu anaona baridi.

Mvua ikageuka mawe. Yalipiga paa la gari mpaka Selpha asijisikie akisema. Simu haikuwa na network. Joash alitoa chupa ya maji, akamimina kwenye kifuniko, akampa mkewe kifuniko hicho kwa uangalifu kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

"Kunywa polepole. Kanuni ya kwanza, usiache gari. Ya pili, pima maji."

Selpha alitazama kifuniko. Akatazama dirishani, ambako maji yalikuwa yakipita kama mto, na barafu imejaa kwenye majani. Akakimwaga miguuni mwake.

"Joash, hili si jangwa."

"Kanuni ni kanuni."

"Mama yangu anatetemeka huko nje na wewe unanipimia maji!"

"Yeye ndiye alitoka. Mimi nimvute? Kwa mkono gani?"

Mawe yalipokatika, Selpha alitoka, mkono uliovunjika ameufunga kifuani kwa ile leso. Alimkuta mama yake ameketi wima, na hatetemeki tena. Midomo ilikuwa ya kijivu. Vidole vilikuwa vikihangaika na vifungo vya sweta iliyolowa, akijaribu kuivua.

"Mama, unafanya nini?"

"Jua la huku ni kali," Mama Aluoch akasema, ulimi mzito kama wa mlevi. "Mwambie Emma... asogeze mtoto... kivulini."

Alikuwa ameshafika Perth, maskini. Baridi ikizidi sana mtu huacha hata kutetemeka, ikamdanganya kwamba ni joto, na anayeanza kuvua nguo amebakiza kidogo. Selpha aliwahi kusikia hayo kutoka kwa Emmaculate. Alirudi kwenye gari akaupiga mlango teke.

"Toka. Umbebe."

"Mimi?"

"Mkono wangu umevunjika. Ama unataka nimbebe kwa meno?"

"Selpha, yule ni maro, ni mama mkwe. Ngojea. Watatutafuta."

"Nani? Nani anajua tuko hapa? Ulimwambia nani?"

Joash aliitazama simu mkononi. Alikuwa ameiambia simu tu.

"Watu watasema nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Watu gani? Hao mbega?" Selpha akaonyesha juu, ambako mbega wawili weupe kwa weusi walikuwa wamejikunyata kwenye tawi, wamekumbatiana bila kuulizana ukoo. "Mama yangu akifia hapa, Joash, hiyo heshima yako utaishi nayo peke yako Kimumu."

Wakati huo ndipo waliposikia. Mbali, upande wa chini, honi ya lori ilivuma ndefu kama fahali. Ikajibiwa na nyingine. Ule msongamano ambao Joash alikuwa ameudharau ulikuwa bado barabarani, ukipiga kelele.

"Sauti iko kule," Selpha akasema. "Tukate moja kwa moja. Kabla hawajafunguliwa njia."

Alifungua sanduku la Perth kwa mkono mmoja akarusha vitu nje. Miwani ikaanguka matopeni. Krimu ya jua chupa nne zikaviringika mtaroni, zikielea kama bata. Taulo za samaki zilikuwa kavu. Joash akasimama akiwapa mgongo, macho kayafumba kama mtoto anayecheza kibemasa, huku Selpha akimvua mama yake nguo zilizolowa na kumfunga taulo. Juu ya taulo akazungusha kinga-jua ile inayong'aa. Kitu kilichonunuliwa kuzuia joto lisiingie ndicho sasa kingezuia lisitoke. Hilo Joash hakulisoma popote.

"Inama," akaambiwa.

Akainama. Selpha akamlaza mama yake mgongoni mwa mumewe, na kwa leso ile ile iliyokuwa pazia, kisha tegemeo la mkono wake, wakamfunga kama mtoto mchanga, fundo likaja kifuani kwa Joash. Alipoinuka, uso wa mama mkwe wake ulikuwa shingoni mwake, baridi kama jiwe la mtoni. Joash akaganda. Halafu akapiga hatua.

Waliteremka kati ya mianzi, Selpha mbele akisikiliza, fimbo mkononi. Matope yalikula kiatu kimoja cha Joash, kisha cha pili. Honi zilikuwa nyingi mwanzoni. Baadaye zikaanza kupungua. Trela lilikuwa limeinuliwa.

"Haraka!" Selpha akaita. "Wanaondoka!"

Walikuta kijito kimefura, maji mekundu yakibeba magogo. Joash aliingia. Maji yakafika magoti, yakafika kiuno. Yale mazoezi ya bwawa la hoteli hayakumsaidia chochote, maana papa hakuwepo, kulikuwa na jiwe lenye utelezi tu. Akaanguka kwa goti moja, maji yakampiga kidevuni, na mikono yake miwili ikaruka nyuma yenyewe ikamshika mama mkwe asizame. Ikamshika kabisa kabisa. Akainuka akilia kwa sauti, sijui ni kwa goti au kwa aibu.

Ng'ambo ya maji, sauti ilimjia nyuma ya sikio.

"Nani huyu?"

Joash akalikaza fundo kifuani.

"Nimeuliza ni nani."

"Ni mimi, Maro."

Walikwenda hatua kadhaa.

"Ora?" akauliza, jina la kumwita mkwe.

"Ndiyo, Maro."

"Unapumua kama pikipiki mbovu."

"Ndiyo, Maro."

"Usinitupe."

"Sikutupi."

Na hapo Joash akahisi mgongoni kitu kama kuku aliyefungwa kwenye kikapu, kikipapatika. Meno ya mama mkwe yalikuwa yakigongana sikioni kwake.

"Selpha! Anatetemeka!"

"Anatetemeka?" Selpha akarudi mbio, akamgusa mamake shavu, akacheka na kulia pamoja. "Tetemeka, Mama! Tetemeka sana!"

Walipotokea barabarani, lilikuwa limebaki lori moja moja. La kwanza liliona kitu kinachong'aa chenye vichwa viwili kikitoka msituni pekupeku, dereva akakanyaga mafuta. La pili nalo likapaa. La tatu lilikuwa la simiti. Likapunguza, likasimama.

Mustafa akateremka.

"Boss wa ndege," akasema. Akamtazama miguu, akatazama mzigo. "Gari iko wapi?"

"Imebaki."

"Na huyu ni mama yako?"

Joash angeweza kusema ndiyo na hakuna ambaye angejua.

"Ni mama mkwe wangu," akasema.

Jibu la kitendawili ndilo hilo. Mustafa hakucheka. Alifungua mlango, akawasha hita ya kabini, akawavika blanketi lake lililonuka dizeli. Chai yake ya tangawizi ilikuwa kwenye chupa yenye kikombe kimoja. Mama Aluoch akanywa, Selpha akanywa, Joash akanywa, wote chini ya paa moja, mpaka mlango wa hospitali. Njia nzima Joash hakutaja kanuni yoyote.

Perth walienda baada ya mkono wa Selpha kutolewa plasta. Jua lipo, sikatai. Bahari yenyewe ni ile ile inayoramba Mombasa, imezunguka tu ikajifanya mgeni. Joash alivaa sweta tangu Kimumu mpaka huko, akalowa jasho, hakuna aliyethubutu kumwambia avue.

Emmaculate, mtoto aliyelelewa vizuri, alikuwa ametundika leso katikati ya sebule ili mama yake na shemeji yake wasionane. Upande mmoja Mama Aluoch alikuwa ametoka kumwogesha mjukuu. Upande wa pili Joash alikaa wima kama mgeni wa kanisa. Mtoto akalia. Akabembelezwa, akalia. Mama Aluoch akasimama, akaivuta leso mpaka misumari ikaruka.

"Mama!" Emmaculate akashtuka. "Joash yuko hapo!"

"Najua yuko hapo. Namsikia akipumua."

Akatembea mpaka mbele ya mkwe wake, mtoto mkononi, leso begani.

"Ora, inama."

Joash akainama. Mama Aluoch akamlaza mjukuu mgongoni, akazungusha leso, akakaza fundo kwa nguvu zake zote. Mtoto akanyamaza.

"Mwacheni hapo," akawaambia binti zake. "Mgongo huo naujua. Hataanguka."