Sarafu za Tembo Shambani kwa Sumari

Sumari na mkewe Penina waliishi Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Walikuwa na migomba, ng'ombe wawili na binti mmoja, Eunike. Mwaka 1953 waliamua kuongeza kahawa. Kila asubuhi Sumari alichimba mashimo, na Penina alileta samadi kwa kikapu.

Siku ya tatu jembe liligonga bati. Sumari alitoa kopo lenye kutu. Ndani mlikuwa na sarafu saba za dhahabu. Upande mmoja palikuwa na tembo, upande wa pili tai.

"Ni fedha za Mjerumani," alisema Penina. "Juzi barazani lilisomwa tangazo. Ukichimbua fedha za kale, uzipeleke boma, kwa serikali."

"Shamba ni langu na jembe ni langu," alijibu Sumari. "Boma halikuja kuchimba."

Alilificha kopo ndani ya mzinga wa nyuki.

"Mwizi hawezi kutia mkono humo," alisema.

Alisema kweli. Lakini yeye mwenyewe alitaka kuziona sarafu zake kila siku. Siku ya kwanza nyuki walimuuma sikio. Siku ya pili walimuuma jicho. Ilipofika Jumapili, kofia yake haikuingia kichwani. Kanisani mchungaji alimwuliza, "Mzee Sumari, kuna nini?"

"Sikuchimba kitu," alijibu Sumari.

Jumatatu alikuja bwana shamba, kijana aitwaye Loishiye, kukagua mashimo ya kahawa. Alikagua kumi na moja. Katika shimo la kumi na mbili, lile lililotoa kopo, alimkuta Sumari ameketi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shimo hili lina kasoro. Tazama mengine."

Penina alitua kikapu. "Baba Eunike, mwambie, au nitamwambia mimi."

Sumari alijikalia palepale shimoni, kwa hiyo Penina alieleza yote. Loishiye aliutazama uso wa Sumari, akajizuia kucheka.

"Mzee, fedha zilizofukiwa, na mwenyewe hajulikani, huwezi kuzificha," alisema. "Serikali inadai kuziona kwanza. Zikiwa adimu, itazichukua na kukulipa. Ukizificha ukagunduliwa, utazikosa zote, na utashtakiwa."

"Na rupia niliyoachiwa na bibi yangu?" aliuliza Penina. "Nayo wataichukua?"

"Hapana, mama. Hiyo ulipewa na mwenyewe. Ni yako."

Sumari alisimama ndani ya shimo. "Serikali ilichukua malisho ya baba yangu. Hakupewa hata karatasi. Leo nikaipe dhahabu?"

Loishiye alichuchumaa kando ya shimo. Alijua jambo hilo.

"Ndiyo sababu nakuambia udai karatasi," alisema. "Idadi iandikwe, na jina lako liandikwe. Usitie dole gumba kabla ya kusomewa."

"Nani atanisomea? Karani wao?"

"Mimi," alisema Penina.

Sumari alishangaa. Mkewe alikuwa amesoma darasa la watu wazima mwaka mzima. Yeye alidhani kule wanaimba tu.

Walifukiza moshi, wakatoa kopo, wakateremka mjini Arusha. Huko boma, karani alizihesabu sarafu na kuandika stakabadhi. Penina aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Watu waliokuwa nyuma yao walikohoa. Hakuharakisha.

"Sarafu saba za dhahabu. Sawa. Zimeletwa na Sumari." Aliinua macho. "Sumari yupi?"

"Si huyu hapa?" alisema karani.

"Leo yuko hapa. Siku ya malipo watakuja akina Sumari wa kila kijiji."

Karani aliongeza: wa Nkoaranga.

"Andika na mume wa Penina."

"Mama, nafasi imekwisha."

"Pembeni hapo panatosha."

Karani aliandika pembeni.

Baada ya miezi minne ilikuja barua. Serikali ilichukua sarafu mbili za kuwekwa kwenye jumba la makumbusho, ikazilipia. Tano zilirudishwa kwa Sumari, pamoja na hati kwamba ni mali yake halali. Alimuuzia sonara mbili mchana kweupe, mlango wazi, akabishana naye bei kwa sauti kubwa. Mwaka huo waliezeka nyumba kwa bati.

Wiki moja baada ya kuezeka, Sumari alikwenda kwenye darasa la Penina. Mwalimu Tabitha alimwuliza angependa kuanza na neno gani, kwa kuwa wengi huanza na majina yao.

Sumari alichukua chaki.

"Nifundishe kuandika *sikubali*," alisema. "Jina langu serikali imekwisha kuliandika."