Damu Aliyoificha Bucha

Mtaa mzima ulimwita Bucha, kwa kazi yake. Kila jioni alirudi nyumbani na mafuta ya nyama ambayo wateja waliyakataa. Mkewe, fundi cherehani, aliyayeyusha na kuyakaangia kila kitu. Akipewa mboga za majani, Bucha alicheka: "Mimi si mbuzi!"

Mwaka huo mkewe alipunguza kiuno cha suruali zake mara tatu.

"Baba, unakwisha. Unaumwa nini?" mkewe alimuuliza.

"Kazi tu, mama."

Asubuhi moja mkewe aliona damu chooni. Bucha aliinama.

"Bawasiri hiyo. Miezi minane sasa. Niliona haya kusema."

Mkewe alimwita jirani yao, muuguzi.

"Shemeji, mficha uchi hazai," muuguzi alisema. "Twende hospitali."

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Kwenye benchi nje ya wodi, mke alimuuliza muuguzi kwa sauti ndogo, "Ni mapishi yangu yaliyomponza?"

"Hakuna awezaye kusema hivyo, dada. Saratani ina sababu nyingi. Wapo wanaokula mafuta wasiipate. Lakini mafuta mengi yanaweza kuongeza hatari."

"Kivipi?"

"Ini hutoa nyongo ya kusaga mafuta. Nyongo hiyo hutokana na lehemu, ile wanayoita kolesteroli. Mafuta yakizidi, nyongo nayo huzidi. Inaweza kuuchubua utumbo kila siku, mpaka chembe zake ziharibike. Wataalamu bado wanachunguza. Mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa huulinda utumbo."

"Na ile damu?"

"Damu haisubiriwi, dada. Tungewahi, pengine angepona."

Bucha alifariki baada ya wiki sita.

Matanga yalipokwisha, mdogo wake Bucha alibaki sebuleni na mjane.

"Shemeji," alisema, "na mimi naiona damu."

Mjane hakuuliza tangu lini. "Vaa viatu," alimwambia.

Daktari alimchunguza kwa mpira mwembamba wenye kamera. Alikuta kinyama kidogo kwenye utumbo. Hakikuwa saratani bado, lakini kingeweza kuwa. Alikitoa siku ileile.

"Ugonjwa huu hutembea katika ukoo," daktari alisema. "Waambie ndugu zako."

Aliwaambia dada zake wawili. Mmoja alilia, mwingine aligoma. Mjane aliwapeleka wote.

Siku hizi anapika maharage na mboga kwa kijiko kimoja cha mafuta. Bado hupakua sahani moja zaidi, akairudisha jikoni.

Walikuwa ndugu wanne. Wamebaki watatu, na wote wamepimwa.