Nyongeza ya Mama Nyiraneza

Kijiji kizima cha Kingi kiliijua nyongeza ya Mama Nyiraneza. Siku za soko aliuza maharagwe kule Mushaki. Akishajaza kopo hadi juu, alitupia konzi moja zaidi. "Mukono mutupu haulambwi," alisema, na wateja walirudi. Binti yake Adelaïde alikua akijua hivyo: kipimo kizuri ni kile kinachomwagika.

Mwaka 1954 ndama wao wa pekee akaugua minyoo. Maskini, alikonda mbavu zikaonekana. Mganga wa mifugo aliwaachia chupa ya dawa na onyo kali: sentimita za ujazo tano tu. Ikizidi, watamzika.

Nyumbani hapakuwa na chombo cha kupimia kiasi kidogo hivyo. Adelaïde akakimbilia shuleni na chupa yake. Kwenye meza ya Mwalimu Faustin vilipangwa vyombo vya kioo, naye akanyakua kopo pana kuliko vyote.

"Jaribu na maji kwanza," Mwalimu alisema. "Kisha mimina mu hii eprubeti, tuone."

Eprubeti ilikuwa kioo chembamba, kirefu, chenye mistari midogo. Adelaïde alikadiria tano ndani ya kopo, akamimina. Nane! Akarudia. Tatu!

"Aka! Kopo iko inanidanganya?"

"Hapana. Chini yake iko pana. Maji kidogo inatawanyika, jicho haioni tofauti. Mu chombo chembamba, hata tone inapanda."

Adelaïde hakutosheka. Alijaribu kikombe, akajaribu eprubeti kubwa, kisha akainama mpaka jicho lake likawa sawa na mstari.

"Mwalimu, mbona maji imebonyea katikati?"

"Inapanda kidogo kwenye kioo, pembeni. Weye soma pale chini, katikati."

Mwalimu alimwazima eprubeti ndogo. "Ukivunja, tutakosana!" alimtania.

Jioni Adelaïde alipima dawa mpaka mstari wa tano. Mama akaitazama, akaguna.

"Ni hiyo tu? Ongeza kidogo, mwanangu. Ule mutoto wa ng'ombe anateseka."

Mkono wa Adelaïde mwenyewe ulimwasha, ukitaka kuongeza. Aliogopa kumpinga mama, lakini akaificha chupa mgongoni.

"Mama, tafazali. Leo hapana nyongeza."

Mama akamshika ndama kichwa, Adelaïde akamnywesha.

Siku chache baadaye ndama alikuwa akirukaruka nyuma ya ng'ombe aliyemzaa, akivuta ziwa kwa nguvu. Mama Nyiraneza akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Sikia, binti yangu," alisema. "Kila kitu na chombo chake. Maharagwe nitaendelea kuongeza, kwa sababu ya upendo. Lakini dawa, upendo wake ni kuishia kwenye mustari."