Chai ya Kupasha Mwili Joto

Wiki ile Golnar alikuwa zamu ya mchana shuleni, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa kazi yake kutoa sindano kwenye friji. Ilikuwa nyembamba kama kalamu ya wino, nayo ilikaa rafu ya juu, mbali na mtindi na matango. Mama yake, Mahrokh, aliketi kwenye zulia, akafinya ngozi ya tumbo chini ya kitovu, akavuta pumzi na kujidunga mwenyewe. Golnar aligeukia ukuta.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Geuka basi, mwoga wewe! Ninayedungwa ni mimi, anayefumba macho ni wewe."

Mama hakumficha Golnar jambo hilo. Alimweleza kwamba mwanamke huzaliwa na mayai tumboni, madogo kuliko nukta ya kalamu, na mtoto huanzia hapo. Tayebe, rafiki yake tangu walipokuwa wakifuma mazulia pamoja, hakuwa nayo tena. Alipokuwa msichana aliugua saratani, na dawa zilizomponya ziliyamaliza mayai yake yote. Ndipo Mama akakubali kumpa ya kwake. Sheikh aliulizwa akaruhusu, na Baba akatia sahihi. Sindano zile zilikuwa za kuyakomaza mayai mengi kwa mara moja, na siku yake ikifika daktari angeyatoa kwa sindano ndefu Mama akiwa amelala.

Wakati huohuo Tayebe naye alikuwa akimeza dawa za kuandaa tumbo lake la uzazi. Walikuwa kama wafumaji wawili wa zulia moja: mmoja akisimama, mwingine naye hana kazi. Tayebe alikuwa amekwisha kujaribu na kushindwa kwa msaada wa wanawake wengine, na mara hii daktari alimwambia wazi kwamba hatarudia tena. Mara hii ilikuwa ya mwisho.

Mama alitakiwa kula vizuri, kunywa maji mengi, kulala mapema na kutobeba vitu vizito. Pia asimeze chochote, hata kidonge cha kichwa, bila kumwuliza daktari. Ni mambo mepesi ambayo mtu yeyote mwenye akili angeyafuata. Lakini katika ukoo ule kulikuwa na Shangazi Akdas.

Watu wetu wa Yazd, huku Iran, hugawa vyakula kuwa vya joto na vya baridi, na si joto la jikoni. Mtindi ni baridi, tende ni joto. Ukila samaki, unatafuna tende mbili ili tumbo litulie. Halina ubaya hilo, hata mimi hufanya. Shangazi Akdas, dada yake Baba, alikuwa ameligeuza kuwa elimu ya kutibu ulimwengu mzima. Mtoto akifeli hesabu, ubongo wake una baridi. Mume akiwa mkali, damu yake ina joto. Hakuwahi kusoma kitabu chochote kuhusu mwili wa binadamu, na alijivunia hilo waziwazi, kana kwamba ujinga ni shahada aliyotunukiwa.

Siku hiyo aliingia bila kubisha hodi, akaketi karibu na samovari ya kuchemshia chai na kumkagua Mama kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Umepauka, wifi. Mwili wako baridi. Tangu umeolewa nakwambia."

"Daktari anasema niko sawa, wifi."

"Daktari!" Shangazi alibenua mdomo. "Kale kasichana? Juzi tu kalikuwa kanasukumwa kwenye kigari, leo kanatufundisha habari za matumbo yetu! Na huyo Tayebe naye, hana haya, anazunguka kuomba mayai kama anayekwenda dukani."

"Tayebe hajaniomba. Mimi ndiye niliyemwambia nitampa."

"Haya, toa. Toa na figo."

Mama akamjazia wifi yake chai, maana mgeni ni mgeni hata akiwa mzigo. Shangazi akanywa vikombe vitatu, akala nusu sahani ya pistachio, kisha akamfuata Golnar jikoni. Alitoa kwenye mkoba wake pakiti ya karatasi iliyokunjwakunjwa. Harufu yake ilipanda puani mara moja: tangawizi kavu, mdalasini, na majani mengine meusi ambayo hata muuza mitishamba wa sokoni asingeweza kuyataja jina.

"Unampenda mama yako?"

"Nampenda, Shangazi."

"Basi kila asubuhi chemsha kiganja kimoja, changanya kwenye chai yake, tia sukari ya mawe nyingi asiisikie. Itampasha mwili joto, mayai yakomae. Baridi haizai kitu, mwanangu, hata kuku anajua. Lakini usimwambie. Dawa ikitajwa inapoteza nguvu."

Hapo ndipo Golnar angetakiwa kujiuliza ni dawa ya aina gani inayoogopa kutajwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa wa kwanza darasani katika sayansi, na bado alichukua pakiti ile kwa mikono miwili. Alimpenda mama yake na alimhurumia Tayebe, aliyempigia simu kila jioni kuuliza kama Mama amekula. Alitaka naye awe amesaidia. Asubuhi iliyofuata alichemsha.

"Chai yako leo ina ladha gani hii?" Mama aliuliza.

"Mdalasini kidogo."

"Tamu. Asante, roho yangu."

Mambo hayakuchukua muda kuharibika. Alama za sindano tumboni mwa Mama, ambazo zilikuwa vidoa vidogo, zikawa mabaka ya zambarau. Alipopiga mswaki fizi zilitoa damu. Asubuhi moja, akipiga pasi, pua ikaanza kumvuja damu na haikutaka kukoma, ikalowesha kitambaa cha kwanza na cha pili. Golnar alisimama na birika mkononi. Mama alipokwenda kunawa, alimpigia simu Shangazi.

"Shangazi, Mama anatoka damu puani. Huenda ni ile dawa."

"Alhamdulillahi!" Shangazi alijibu kwa furaha. "Hiyo ni baridi inatoka. Ongeza kiganja kingine."

Golnar hakuongeza. Lakini hakuacha pia, wala hakusema. Alijiambia kwamba Shangazi ni mtu mzima, na mtu mzima hawezi kuwa amekosea kiasi hicho. Anaweza, tena sana, na kwa sauti kubwa.

Siku ya kwenda kupimwa, Mama alimchukua Golnar, kwa sababu wangepitia shuleni. Tayebe alikuwa ametangulia kufika hospitalini na chupa ya supu ya kuku kwa ajili ya Mama. Shangazi Akdas alikuwa amefika pia. Hakuna aliyemwalika. Alikaa katikati ya benchi, tasbihi mkono mmoja na mkoba mapajani, akiwaeleza wanawake wawili wasiomjua kwa nini hawazai.

Dakta Forutan alikuwa kijana kweli, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alitazama picha ya tumbo la Mama kwenye mashine akatabasamu: mayai yalikuwa yakikomaa vizuri. Kisha akayaona yale mabaka. Akaagiza damu ipimwe papo hapo, na majibu yalipokuja, Tayebe, Shangazi na Golnar nao wakiwa wameingia, alifunga mlango.

"Bibi Mahrokh, damu yako inachelewa kuganda. Mwanzoni haikuwa hivi. Umemeza nini?"

"Sijameza kitu, Dakta. Hata aspirini sijagusa."

"Una hakika?"

"Naapa."

Daktari alishusha pumzi. "Kuyatoa mayai ni kupitisha sindano ndani ya mwili. Mtu ambaye damu yake haigandi anaweza kuvuja damu kwa ndani tusimwahi. Kama sijui sababu, sitakugusa. Nitasimamisha matibabu leo."

Tayebe hakulia kwa sauti. Aliiweka chupa ya supu sakafuni polepole, akauvuta ushungi wake mbele hadi ukafunika macho. "Asimamishe," alisema. "Usife kwa ajili yangu, Mahrokh. Basi tu. Sitaki tena."

Golnar alimtazama Shangazi. Huyu ndiye mtu mzima. Huyu ndiye anayejua. Sasa atasema.

Shangazi Akdas alitazama dari, akavuta punje za tasbihi, kisha akakohoa kidogo. "Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema. "Wifi yangu mwili wake baridi. Hauwezi. Mmelazimisha, sasa ona."

Kitu kilimpanda Golnar kifuani, hasira na aibu kwa pamoja, hata hakujua kipi kilitangulia. Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekosa, yeye ambaye hakukosa kitu!

"Ni mimi," alisema.

Wote wakageuka.

"Ni mimi ninayempa. Kila asubuhi, kwenye chai. Siyo mdalasini peke yake, Mama, nilikudanganya. Kuna majani. Shangazi alinipa, akasema nisikwambie."

"Mtoto huyu anaota!" Shangazi alifoka. "Mimi? Haki ya Imamu Reza, mimi nimempa mtoto nini?"

"Pakiti mpya imo mkobani mwako, Shangazi. Umeniambia hapo nje utanipa tukitoka."

Dakta Forutan alinyoosha mkono. Shangazi alikumbatia mkoba, akamtazama Mama apate kutetewa, na Mama akamtazama kama mtu asiyemjua. Mwishowe pakiti ikatoka. Daktari aliifungua, akanusa, akamwaga kidogo kwenye karatasi na kuyatenganisha majani kwa ncha ya kalamu.

"Tangawizi ya kwenye chakula haina neno," alisema. "Lakini hii ni kiganja kizima kila siku, na mitishamba mingine hulegeza damu isigande. Haya meusi hata mimi siyajui. Wewe unayajua, mama?"

"Ni ya joto," Shangazi alisema.

"Yanaitwaje?"

"Ni ya joto."

"Yanafanya nini kwa mtu anayedungwa sindano za mayai?"

"Nimeshakwambia, ni ya joto," Shangazi alisema, akifunga mkoba wake.

"Kumpa mtu dawa bila yeye kujua si kumtibu," daktari alisema. "Ni kumtilia sumu na kuachia bahati, nzuri au mbaya. Leo ilikuwa karibu kuwa mbaya." Kisha akamgeukia Mama. "Sasa nimeijua sababu. Chai hiyo ikome leo. Sindano zako endelea nazo. Tutapima damu tena, na ikirudi sawa tutaendelea. Tayebe, na wewe usiache vidonge vyako."

Shangazi aliinuka, akasonya, akasema kwamba wema haulipwi siku hizi, akaondoka. Mlango ulifungwa taratibu kuliko alivyokusudia.

Damu ya Mama ilipimwa tena, na tena. Mabaka yaligeuka ya manjano, kisha yakafifia. Asubuhi ya kutolewa mayai Golnar alisubiri nje na Tayebe, ambaye alimshika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Golnar alitaka kuomba msamaha. Tayebe ndiye aliyeanza.

"Nilikukasirikia sana, Golnar. Siwezi kukuficha."

"Najua, mama mdogo."

"Bado nimekukasirikia kidogo. Lakini usiuachie mkono wangu."

Mama alitoka amelegea, akiomba maji, na mayai yalikuwa mengi na mazuri. Baadaye mayai yalirutubishwa kwa mbegu za mumewe Tayebe, naye akapandikiziwa, na nyumba zote mbili zikaingia katika kungoja. Simu ilipolia siku ya majibu, Mama aliipokea akiwa amesimama. Upande wa pili hapakuwa na maneno, palikuwa na mtu anayelia na kucheka bila mpangilio. Mama akakaa chini palepale sakafuni, akaiweka simu sikioni mwa Golnar asikie mwenyewe.

Habari ilipovuma mtaani, Shangazi Akdas alianza kuwaambia watu kwamba mimba ile imetokana na joto la dawa yake. Golnar alirudi nyumbani na hasira.

"Mama, nenda ukamwumbue!"

"Ana miaka sitini na bado hajaweza kusema 'sijui'," Mama alisema, akiendelea kukata matango. "Nikamwumbue nini zaidi ya hapo? Wewe ndiye ninayekulea, siyo yeye. Sikiliza. Huu mwili ni wangu, na kinachoingia humu lazima nikijue mimi kwanza, hata kikiletwa na anayenipenda. Mtu mzima akikwambia ufanye jambo kwa kumficha mama yako, njoo kwangu hapohapo, usingoje kuona matokeo."

"Lakini nilisema kweli, Mama."

"Ulisema, na Tayebe ana mtoto tumboni kwa sababu ulisema." Mama aliweka kisu chini, akamtazama. "Lakini uliiona damu yangu asubuhi ile ya pasi, na kama ulivyokiri mwenyewe baadaye, ukaenda kumpigia simu yeye. Nilikuwa chumba cha pili tu nikinawa, Golnar. Siku nyingine anza na mimi."