Kamba ya Nguo Kwenye Bango la Sabuni

Haya yalimpata rafiki yangu Wenceslaus wa Gongoni, ambaye hununua mabango ya matangazo ya zamani na kuyauza Dar es Salaam, kwa wenye migahawa wapambie kuta zao.

Alikwenda Igalula, kwenye duka lililokufa tangu watu wahamie sabuni ya unga ya vipakiti. Mjane mwenye duka, Mama Josepha, alikuwa kibarazani akipepeta mchele.

"Shikamoo mama. Nimefuata lile bango la sabuni ya mche."

"Marahaba. Litazame kwanza. Kamba iliyo nyuma ya yule mwanamke ina nguo?"

Ndani mlikuwa na giza, madirisha yamepigiliwa mbao. Wenceslaus akamulika kwa simu. Mwanamke wa kwenye picha alitabasamu, ameshika mche wa sabuni. Nyuma yake kamba ilikuwa tupu.

"Haina kitu, mama."

"Basi libandue upesi. Sisi nguo za marehemu tunazifua baada ya kuzika. Yule wa kwenye bango hutangulia. Koti la mume wangu alilianika kwenye kamba hiyo, marehemu akiwa bado mzima."

Wenceslaus akatabasamu, akaanza kubandua kwa kisu. Simu ikazima. Gizani akasikia mtu anafua: nguo inasuguliwa, inakamuliwa, maji yanachuruzika. Nje, ungo wa Mama Josepha haukuwa umenyamaza.

Akalivuta bango likatoka, akakimbia nalo hadi kwenye mwanga.

Kamba ilikuwa imelemewa katikati. Palining'inia shati moja bichi, la kijani, lenye kiraka cha bluu begani.

Wenceslaus akapeleka mkono begani kwake, akakigusa kiraka.