Nyumba ya Milembe Isiyo na Mlango

Asubuhi moja Mektilda aliamka mapema kama kawaida yake, akachanganya zege. Wenzake wa huku Mwamapalala walikuwa mashambani wakichuma pamba, maana msimu ule wanunuzi binafsi walijaa kila njiapanda na kila mtu alitaka kuwawahi. Yeye alikuwa na shughuli yake. Alikuwa jirani yetu, kwa hiyo asije mtu akaniambia natunga.

Alikuwa mchongaji wa sanamu, ila sanamu zake hazikufanana na mtu wala mnyama. Kabla shirika alilofanyia kazi halijauzwa na wafanyakazi kupunguzwa, alikuwa akichora ramani za majengo Dar es Salaam. Huko alipenda maghorofa ya zege tupu, kuta zimenyooka, nakshi hakuna. Alirudi nyumbani na mapenzi hayo, na hasira moja. Shangazi yake Milembe, aliyemlea, alikuwa ameuawa akiitwa mchawi kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia maisha yake yote! Ndiyo maana wanawake aliowachonga Mektilda hawakuwa na macho wala sura.

"Wametutazama vya kutosha," alisema.

Sanamu ya Milembe aliijenga kando ya njia: nyumba ya zege yenye kimo cha mtu, tupu ndani, ukuta mmoja umepinda kama mgongo, jina la marehemu limechorwa ubavuni. Mlango hakuweka. Wauaji waliingilia mlangoni, basi hii isiwe nao. Wanawake wakamwonya kwamba kajumba ka marehemu hakaachwi bila mlango, mwenyewe atatokea wapi? Akawacheka. Wanaume wakamwamuru abomoe, maana jina lile liliwachoma kila walipopita. Akakataa katakata. Wakaamua atengwe.

Kutengwa kwetu si mchezo. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukupa kaa la moto, hata kisimani watu wanakupisha kimya. Mwanzoni Mektilda alijikaza. Kisha upweke ukamla. Akaanza kuongea na sufuria zake. Mchana mmoja, jua likiwa utosini, aliweka kiganja kwenye ule ukuta uliopinda akatoa salamu ya mchana kwa Kisukuma, kwa utani, "Mwadila, shangazi."

"Mwadila," zege likajibu, likamjulia hali. "Mhola?"

Alikimbia akajifungia ndani. Lakini mtu aliyenyimwa salamu muda wote huo atajifungia mpaka lini? Kesho yake alirudi. Sauti ilimuuliza amekula nini. Ikamuuliza kama kichwa bado kinamsumbua. Akalia kwa furaha, nakwambia kweli. Akahamishia kigoda chake pale, akawa anakula pale, anacheka pale peke yake huku wapita njia wakikaza mwendo.

Siku moja aliona moshi ukitoka kwenye zege lisilo na hata tundu. Ulinuka mavi ya ng'ombe.

"Nifungulie, mwanangu," sauti ikanong'ona. "Nimechoka kukaa gizani."

Akachukua nyundo na tindo.

Wakati huo baba yake mdogo Luhaga, mdogo wa Milembe, alikuwa akipitisha ng'ombe. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Mektilda atengwe. Sasa alisimama, akalivunja katazo lake mwenyewe.

"Usifungue," akanong'ona.

"Shangazi ananiita, baba."

"Si yeye."

"Utajuaje wewe?"

Luhaga alitazama chini. "Milembe hawezi kumwita mtu. Tulianza kwa kumkata ulimi, asije akatulaani. Mimi ndiye niliyeushika."

Akaondoka mbiombio, ng'ombe akawaacha. Mektilda alibaki na nyundo mkononi. Miaka yote alikuwa akiwatafuta wauaji, kumbe mmoja wao alikuwa akimwita baba.

"Ameenda?" sauti ikauliza. Polepole. Karibu kabisa na ukuta.

Alirudi nyumbani, akafunga mlango.

Siku zikapita. Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyeita jina lake. Luhaga hakurudi. Wanawake walipita na ndoo zao, macho mbele. Asubuhi moja alitoka, akaketi kwenye kigoda chake kando ya lile zege. Alijua si shangazi. Alijua vizuri sana.

"Mwangaluka," sauti ikamtolea salamu ya asubuhi.

Akatazama njia. Haikuwa na mtu.

"Mwangaluka," akajibu.

Baada ya mvua, waliokwenda kumtazama hawakumkuta nyumbani, wala tangu hapo hakuonekana tena. Ila ile nyumba ya zege ilikuwa na mlango, mpana wa kuwatosha watu wawili bega kwa bega. Na vipande vyote vya zege vilikuwa vimeangukia nje.